Anayelala Asiamshwe

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya nne, juu ya duka la vitambaa, katikati ya jiji la Nairobi, na Jumamosi mchana jua liliingia humo likakaa. Halikuwa na haraka. Saa nane lilikuwa dirishani, saa nane na robo lilikuwa juu ya madawati ya nyuma, na kabla ya saa tisa lilikuwa limetupanda kutoka viatuni hadi shingoni. Chini barabarani kulikuwa na mhubiri mwenye spika mbovu. Sauti yake ilipotufikia kule juu ilikuwa imeshapoteza maneno yote, umebaki mvumo tu, kwa hiyo sikuwahi kujua kama alikuwa anatutisha au anatubariki. Nikikumbuka miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, somo lenyewe hunijia kwa shida. Kinachokuja kwanza ni huo mwanga, na uzito wa kope zangu.

Lilikuwa darasa la watu wenye kazi. Makarani, wauguzi, walimu, na polisi mmoja aliyekuja na kofia yake ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mtu alikuwa akisomea shahada yake, lakini takwimu lilikuwa somo la lazima kwa wote, na wote tuliliogopa. Mimi nilikuwa mpishi katika shule moja ya bweni huko Karen. Niliwasha jiko saa kumi na moja alfajiri siku sita za wiki, na Jumamosi niliachiliwa baada ya uji na mkate wa asubuhi, nikaoga upesi, nikaja mjini bado nikinuka moshi na maziwa. Nilikuwa nimeshaanguka takwimu mara moja, mwaka uliotangulia, kwa mhadhiri mwingine. Chuo kiliniandikia barua fupi yenye adabu zake, kwamba nikianguka mara ya pili nitaondolewa. Nilimwambia mama yangu peke yake. Yeye akaliambia kanisa zima, kwa hiyo kila Jumapili kule Riruta watu nisiowajua vizuri walinishika mkono wakaniuliza hesabu zinaendeleaje.

Mhadhiri wetu mpya alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye kuvaa sweta hata kwenye joto. Tulimwita Daktari. Siku ya kwanza hakufundisha chochote. Aligawa karatasi za kanuni za darasa lake, akatutaka tuzisome kimya, kisha kila mmoja atie sahihi nakala mbili, amrudishie moja na nyingine abaki nayo. Simu izimwe, si kuwekwa mtetemo. Anayechelewa angoje nje mpaka wakati wa chai. Maji yanaruhusiwa, chakula hapana. Swali lolote liulizwe, hata la kijinga, ila mtu yuleyule asiliulize mara mbili. Ziliendelea hivyo, za kawaida, mpaka nilipofika ya saba. Hiyo niliisoma, nikarudi nyuma nikaisoma tena, nikidhani macho yangu yamechoka. Anayelala asiamshwe.

Mwishoni kulikuwa na maelezo ya adhabu. Anayevunja kanuni yoyote achukue mkoba wake aende nyumbani, na kazi ya siku hiyo, hata kama ni mtihani, imepotea. Mwenye malalamiko aende ofisini Jumatatu, yeye mwenyewe.

Watu walicheka kuhusu ile ya saba. Daktari alingoja tumalize.

“Sauti yangu inalaza watu,” alisema. “Nimeambiwa hivyo tangu nianze kazi hii, na hata bwanangu amethibitisha. Sitaki tugombane juu ya hilo. Mnatoka kazini, na nyinyi ni watu wazima. Ukilala, hayo ni mambo yako na mwili wako. Lakini jirani yako amekuja kusoma takwimu, hakuja kuwa yaya. Asikuamshe. Na ukiamka, usimlaumu.”

Nilitia sahihi kwa furaha. Nilidhani nimepewa zawadi.

Jirani yangu naye alitia sahihi, lakini kwanza alipigia kila kanuni mstari kwa rula na kalamu nyekundu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa upande wa Machakos, aliyekuwa amefundisha Riruta miaka mingi, si mbali na ploti tuliyopanga mimi na mama. Darasa zima lilimwita Mwalimu. Nilimchukia kwa muda wa wiki tatu hivi. Alikuwa na kibati cha vifaa vya hesabu, kile cha bikari na kipimapembe, na alivipanga mezani kila Jumamosi ingawa hatukuvihitaji hata siku moja. Ile karatasi ya kanuni aliitia kwenye karatasi ya nailoni isichafuke. Wiki ya pili aliinua mkono akasema, “Daktari, kuna harufu ya sambusa hapa,” na polisi wa watu, mwenye mwili wake na cheo chake, akachukua mkoba akaenda nyumbani.

“Mwalimu, wewe ni mchongezi,” nilimwambia wakati wa chai.

“Si aliweka sahihi?” akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza kwa kweli, kama mtu anayetaka kujua ni wapi amekosea.

Nilianza kumzoea kupitia hizo chai. Tulisimama koridoni na vikombe vyetu, naye akanieleza mambo ya kwao, ya mvua kule nyumbani, na ya darasa lake la sita, watoto sabini na kidogo kwenye chumba kimoja. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja na miezi kadhaa astaafu. Mpango wake alikuwa ameupiga hesabu vizuri: takwimu mwaka huu, masomo yaliyobaki mwaka ujao, joho mwishoni mwa mwaka huo, kisha kustaafu. Takwimu ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka na bila hiyo masomo ya mwisho hayakufunguka.

“Hawa watoto wananiuliza, Mwalimu, na wewe ulifika wapi?” alisema. “Nawaambia nilifika cheti. Sasa nataka siku moja niingie asembli na joho, wanione na macho yao. Sio nikishaenda nyumbani, mami. Nikiwa bado nashika chaki.”

Aliniita mami, kama wazee wa kwao wanavyomwita msichana wanayemheshimu bila kumjua sana. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna mtu mwingine mjini aliyeniita jina lenye upole namna hiyo. Jikoni niliitwa “wewe wa uji”.

Kwamba Daktari hakuwa na mchezo na kanuni zake, tuliliamini siku moja ya mvua. Jiji lilikuwa limefurika, magari yamekwama kila upande, na yeye akachelewa. Tulimsikia akipanda ngazi. Tulisikia viatu vyake vikija koridoni, vikafika mlangoni, vikasimama. Hakuingia. Alisimama pale nje kwa saa nzima na robo, na sweta lake limelowa, mpaka wakati wa chai ulipofika. Alipoingia alivua viatu, akavipanga ukutani vikauke, akafundisha akiwa na soksi tu. Baada ya siku hiyo hakuna aliyejaribu kumbembeleza juu ya chochote.

Mimi nililala. Niseme hivyo waziwazi, nisijitafutie sababu nzuri. Nililala kila Jumamosi kuanzia saa nane na nusu, baada ya chapati na maharagwe ya kibanda cha chini, na sijui kama nimewahi kulala usingizi mtamu kuliko ule. Sauti ya Daktari ilianza kwa kusema wastani, ikasema mkengeuko, halafu ikaacha kusema kitu chochote, ikawa maji yanayopita mahali. Nilikuwa nimo na simo. Nilisikia chaki. Nilisikia mhubiri. Nilijiona nikitembea kwenye barabara za Karen zenye miti mikubwa na nyua za mchongoma, asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuamka, na kwenye kila lango kulikuwa na namba niliyopaswa kuikumbuka. Wakati mwingine nilijua nimelala na nikakubali. Nilijiambia, dakika mbili tu, na jua likanijibu, sawa.

Nilipozinduka, daftari la Mwalimu lilikuwa limesogezwa upande wangu, wazi, na mistari yake yote imenyooka. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama mbele.

“Sijaguza mtu,” alikuwa akisema kwa sauti ya chini. “Ni daftari tu imesonga.”

Wengine walijaribu ujanja mwingine. Muuguzi mmoja aliyekaa mbele yetu aliangusha kitabu karibu na kiti changu, mara moja, kwa nguvu. Daktari aliacha kuandika ubaoni. “Kitabu kinachoanguka karibu na mtu aliyelala,” alisema, “kimeangushwa.” Muuguzi akachukua mkoba wake. Nilisimuliwa hayo nilipoamka.

Nilinakili daftari la Mwalimu nyumbani, kila jioni ya Jumapili, kwenye meza ya mama, na polepole takwimu ikaanza kuniingia. Hata leo takwimu nilizonazo kichwani ziko katika mwandiko wake.

Mtihani ulikuwa mmoja tu, wa mwisho, Jumamosi saa nane mchana. Ijumaa yake ilikuwa siku ya wazazi kule shuleni Karen. Tulipika pilau, tukapika nyama, tukapika chapati mpaka mikono ikakataa kufunga, na jioni tukaosha sufuria zinazotosha mtu kuoga ndani. Asubuhi nikarudi kuwasha jiko kama kawaida. Sikula mchana. Nilidhani tumbo tupu litaniweka macho. Niliketi, nikaandika jina na namba yangu, nikageuza karatasi. Maswali matano, kwa muda wa saa mbili.

Swali la kwanza lilikuwa juu ya urefu wa watoto wa shule fulani. Nilianza kuwaona. Walikuwa wamepanga mstari, mfupi mbele na mrefu nyuma, kila mmoja na kikombe chake cha bati, na mimi nilikuwa na upawa. Kila niliyemmiminia uji aliniambia namba yake, na nilizijua zote kabla hawajasema. Uji haukuisha. Mstari haukuisha pia, ulipita lango, ukaingia barabarani, na miti ilikuwa ikidondosha maua ya zambarau kwenye vikombe, na hakuna mtoto aliyelalamika. Nilikuwa na furaha kubwa mle ndani. Naona haya kulisema hilo, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, lakini ndio ukweli.

Kisha mtoto mmoja akanigusa kiwiko. Mara mbili.

“Mami. Mami, amka. Saa inaisha.”

Nilifumbua macho. Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado juu ya kiwiko changu, na kidole chake kilikuwa na wino. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Karatasi yangu ilikuwa na jina, namba, na mstari mmoja uliopinda hadi ukingoni.

Hakuna aliyekuwa akiandika. Daktari alikuwa ameinua kichwa. Nilimwona akifungua mdomo, lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama. Alirudisha bikari kwenye kibati, akarudisha kipimapembe, akarudisha rula, akafunga. Akapeleka karatasi yake mbele. Ilikuwa imejaa karibu yote. Daktari aliitazama muda mrefu, nadhani alikuwa akiisoma, kisha akaipiga mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe.

“Asante, Mwalimu,” alisema.

“Asante, Daktari.”

Akatoka. Alifunga mlango taratibu, asitusumbue.

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi mno na kila mara nasimama: nasema sikuwa nimelala, nasema mimi ndiye niliyemwomba aniamshe, nasema nipigwe mstari mimi pia. Siku ile sikusimama. Nilitazama kiti chake kwa muda, jua lilikuwa limeketi pale, nikainama nikaandika. Na niliandika vizuri. Kichwa kilikuwa chepesi, namba zilikuja zenyewe kwa mwandiko wa Mwalimu, mistari imenyooka, na kalamu haikusita hata mara moja. Nilimaliza maswali matatu na nusu kabla ya kengele.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kumwona Daktari. Ofisi yake ilikuwa Kileleshwa, katika nyumba ya zamani ambayo chuo kilikuwa kimeikodi, yenye bugenvilia iliyofunika kibaraza. Alinikaribisha, akanimiminia chai ya thamosi. Nilieleza yote. Nilisema Mwalimu hakuwa na kosa, kosa ni langu, nilitoka kupikia wazazi.

“Kanuni inasema yeye mwenyewe,” alisema.

“Akija utamrudishia mtihani?”

“Akija nitamsikiliza. Wengi wamekuja hapa wakaketi pale ulipoketi, nikawasikiliza, na wengine wao walirudia mtihani wiki hiyohiyo. Alama nazipeleka Ijumaa.” Alikoroga chai yake. “Mwambie mlango uko wazi.”

Nilitoka pale karibu nikikimbia. Siku iliyofuata, baada ya kupika chakula cha mchana, nilikwenda shuleni kwake Riruta. Alikuwa chini ya bendera akiwapanga watoto kwa ajili ya kwenda nyumbani, akiwafokea wanyooshe mstari. Nilimvuta kando nikamweleza. Niliona uso wake ukifunguka kwa sekunde moja hivi, kisha ukafunga.

“Mimi siendi, mami.”

“Kwa nini? Amesema atakusikiliza!”

“Nilitoa polisi ya watu kwa darasa sababu ya sambusa. Sambusa moja. Sasa yangu ikifika mimi ndio niende nikalie kwa ofisi?” Aligeuka akamwangalia mtoto aliyetoka mstarini, na mtoto akarudi. “Hawa nimewaambia nini miaka hii yote?”

Nilimkasirikia. Nilimwambia ana kichwa kigumu, anajipenda, anataka kuonekana mtakatifu mbele ya watoto ambao hata hawajui chuo kikuu ni nini. Nilisema joho lake litamfaa nini mzee wa kuchunga mbuzi. Nilisema mambo ambayo mtu huyasema akiwa na deni la kitu asichoweza kukitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Uliandika vizuri?” aliuliza.

“Niliandika.”

“Basi.”

Ijumaa ilifika ikapita. Orodha ilipobandikwa jina langu lilikuwa kati ya waliopita, karibu na mwisho. Mama alipiga vigelegele uani hadi wapangaji wakatoka nje. Kanisani walinisimamisha. Nilisimama pale mbele nikitabasamu, nikijiona kama mtu aliyekula chakula cha mwenzake.

Mwaka uliofuata Mwalimu alirudi kukaa katika darasa la takwimu, na mimi nikaendelea na masomo ya mwisho, ghorofa ya pili ya jengo lilelile. Nilipanga njia zangu nisikutane naye. Nilijua saa yake ya chai, nikanywa yangu kabla. Nyumbani nilizunguka nyuma ya soko nisipite mbele ya shule. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimemwambia, na kadiri siku zilivyokwenda kilizidi kukosa mahali pa kusemewa. Mwishoni mwa mwaka nikavaa joho. Miezi michache baadaye Mwalimu akastaafu. Mama alikwenda kwenye sherehe, akarudi akisema watoto waliimba, wakampa blanketi na saa ya ukutani, na kwamba alivaa suti ya kahawia iliyombana.

Yeye alivaa joho Desemba ya mwaka huo, akiwa ameshakuwa mstaafu. Alinipigia simu. Sijui namba yangu aliipata wapi, nadhani kwa mama. “Mami, njoo,” alisema, na nikaenda. Nilisimama kwenye nyasi na jamaa zake waliotoka Machakos, tukapunga mikono wakati hatukujua hata amesimama wapi katika ule umati mweusi. Tulikula wali kwenye sahani za plastiki. Jamaa zake walipoanza safari ya kurudi nyumbani, aliniambia anataka kupitia Riruta kwanza, tukaenda sote wawili.

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Mlinzi alimfungulia lango bila kuuliza. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zimeanza kurefuka, na kamba ya bendera ilikuwa ikigonga mlingoti polepole. Joho lilikuwa kubwa kwake na lilifagia vumbi nyuma. Alitembea mpaka mahali pa asembli, akasimama kidogo akiutazama uwanja, kisha akaenda hadi darasa la sita, akasukuma mlango. Mwanga wa jioni ulikuwa umelala juu ya madawati yote, rangi ya chai ya maziwa, na vumbi lilielea ndani yake bila kutua. Niliketi dawati la mbele. Magoti yangu yaligonga ubao wa juu.

Nilisema hapo. Sikupanga.

“Mwalimu, siku ile ulipotoka, nilikuona. Nilikuwa macho kabisa. Ningesimama na sikusimama. Niliandika tu.”

Alikuwa akifuta meza yake kwa mkono wa joho, ingawa haikuwa meza yake tena.

“Ulilala saa nane na dakika tano,” alisema. “Nilikuwa natazama. Nilifanya swali la kwanza, nikakuangalia. Nikasema, kanuni ni kanuni. Nikafanya la pili. La tatu. Kila nikimaliza moja nakuangalia tena, na nasema hiyo hiyo. Saa nzima, mami. Ulikuwa unacheka kwa usingizi.” Aliketi kwenye kiti. “Nilikuamsha nikiwa nimebakisha nusu ya swali la tano. Nilikuwa nimefanya yangu karibu yote. Ningekuwa mtu mzuri ningekuamsha saa nane na dakika sita. Sasa hiyo sori unaniambia ni ya nini?”

Nililia. Nililia kwa sauti, kwenye dawati la mtoto, na yeye alikaa akinitazama bila kunikataza, na baadaye akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne akanipa. Sikumsamehe kwa sababu sikuwa nimemlaumu. Nilijisikia mwepesi tu, na nimechoka, na nina njaa.

Tukatoka. Alitaka kuvua joho barabarani, akisema watu watamcheka, nikamwambia akilivua nitamfokea kama alivyokuwa akiwafokea watoto. Akaniachia kofia niibebe. Tuliteremka hivyo kuelekea Barabara ya Naivasha, kupita vinyozi, kupita duka la mbao, kupita kibanda cha kuku, na watu waliacha walichokuwa wakifanya wakamwangalia mzee aliyevaa joho jeusi na viatu vyenye vumbi. Kwenye pembe ya soko palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya, mama mzima, mnene, mwenye aproni na mtoto mgongoni. Aliinua macho. Alimtazama Mwalimu usoni, kisha joho, kisha tena usoni, na nyanya mbili zikamtoka mkononi. Akapangusa mikono kwenye aproni. Halafu akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, namna darasa zima linavyosimama mwalimu anapoingia.

Mwalimu alisita. Alimkumbuka, niliona anatafuta ni wa mwaka gani. Akarekebisha kola ya joho kwa mikono yote miwili, akakohoa, akasahau kwamba aliyesimama mbele yake ni mmoja tu.

“Kaeni,” alisema.